Sosi ya tartari imekatika? Tafuta kwanza maji yalipo

Sosi ya tartari haipiti motoni. Ni mayonezi iliyochanganywa na matango madogo ya siki, kepa (vitumba vidogo vya maua vilivyohifadhiwa kwenye siki au chumvi) na majani mabichi, ikaliwa ya baridi pembeni ya samaki wa kukaanga, kamba, ngisi au pweza. Mwenye bakuli na mwiko wa waya huimaliza kwa dakika ishirini. Wepesi huo ndio unaowaponza wengi, kwa sababu vitu ni vichache na hakuna moto wala viungo vya kufichia kosa. Ikiharibika, kila aliyekaa mezani anaiona.

Kosa lenyewe mara nyingi ni moja, nalo ni maji. Yakipungua unapopiga mayonezi, mafuta yanajitenga. Yakizidi baada ya kutia matango na vitunguu, unabaki na mchuzi. Hata uchungu, rangi iliyofifia na ukoko wa samaki uliolowa, ukifuatilia, mara kadhaa utakuta maji yamehusika. Kwa hiyo kabla ya kulaumu yai au mafuta, jiulize maji yako wapi na yametoka wapi.

Neno moja la tahadhari kwa anayekwenda dukani kwa mara ya kwanza: krimu ya tartari ni kitu kingine kabisa. Ile ni unga mweupe, tindikali inayopatikana katika utengenezaji wa divai, na hutumika kuimarisha ute wa mayai na kuumulia keki. Haina nafasi katika sosi hii.

Kipimo cha kulinganishia

Matatizo yaliyo hapa chini yanapimwa kwa kipimo hiki, kinachotosha watu wanane hivi kwa gramu 40 kila mmoja. Kwa mayonezi: kiini 1 cha yai kubwa la kisasa, kijiko 1 cha chai cha haradali iliyosagwa ya chupa, kijiko 1 cha chakula (mililita 15) cha siki nyeupe au maji ya limau, robo kijiko cha chai cha chumvi, na mililita 200 za mafuta yasiyo na harufu. Kwa vya kuchanganya: gramu 60 za matango ya siki zilizopimwa baada ya kukamuliwa, kijiko 1 cha chakula cha kepa, gramu 20 za kitunguu kidogo, vijiko 2 vya chakula vya paseli iliyokatwa, na ukipata, kijiko 1 cha chai cha majani ya taragoni au shibiti. Maji ya limau ya kumalizia, kijiko 1 cha chai, hutiwa mwisho baada ya kuonja.

Piga hesabu uone. Mayonezi hiyo ina uzito wa gramu 225 hivi, na mafuta peke yake ni zaidi ya gramu 180. Maji yote, ya kiini, ya siki na ya haradali, hayafiki gramu 30. Matone ya mafuta yamebanana humo kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, na kinachoyatenganisha ni utando mwembamba wa maji ulioshikiliwa na lesithini (kitu cha kiini kinachoshikanisha maji na mafuta) na protini za kiini. Utando huo ukichanika mahali pamoja, matone yanaungana, na yakishaanza kuungana hayangoji.

"Imekatika nikiwa bado naipiga"

Dalili hazijifichi. Sosi iliyokuwa inang'aa kama satini inaanza kung'aa kama sahani yenye mafuta, inakuwa na chembechembe mithili ya maziwa yaliyokatika, na pembeni mwa bakuli panatokea mstari wa mafuta matupu.

Sababu ya kwanza, na ndiyo inayowakuta wanaoanza, ni haraka. Mililita 50 za mwanzo zinatakiwa ziingie tone kwa tone, na kila tone lipotee kabla lingine halijadondoka. Mafuta ya kwanza yakishashika, yaani mchanganyiko ukiwa mzito na mweupe kidogo, unaweza kumimina mchirizi mwembamba. Weka kitambaa kibichi chini ya bakuli ili lisizunguke, kwa sababu mkono wa kushoto unahitajika kwenye mafuta. Wengi humwaga kwa fujo kwa kuwa mkono mmoja unakimbizana na bakuli.

Sababu ya pili huwakuta wazoefu, nayo ni kiu. Sosi imekuwa nzito mno, inasimama kwenye mwiko kama boga lililopondwa, nawe unafurahi na kuongeza mafuta. Hapo maji yamekwisha. Angalia uso wake: ukiona ung'avu wa mafuta juu ya sosi iliyo nzito sana, acha kumimina, tia kijiko 1 cha chai cha maji ya uvuguvugu, piga mpaka ilegee, ndipo uendelee. Kiini kimoja kina uwezo wa kubeba mafuta mengi kuliko mililita 200. Kinachokwamisha ni maji.

Vitabu vya Ulaya husisitiza yai litolewe kwenye friji mapema. Kwa anayenunua trei ya mayai dukani Dar es Salaam au Mombasa, ambako mayai hukaa rafu ya kawaida, hilo si tatizo. La kuangalia ni ukubwa. Mayai ya kienyeji ni madogo na kiini chake ni kidogo pia, kwa hiyo kwa mililita 200 tumia viini 2. Sosi itatoka ya manjano zaidi. Hilo si kosa.

Dawa ya sosi iliyokatika ni ileile kwa sababu zote mbili. Chukua bakuli jingine, safi na kavu. Tia kijiko 1 cha chai cha haradali na kijiko 1 cha chakula cha maji ya uvuguvugu, au kiini kipya ikiwa unacho. Sasa ichukulie sosi iliyokatika kana kwamba ndiyo mafuta: tia nusu kijiko cha chai, piga mpaka ipotee, tia nusu nyingine. Baada ya vijiko sita au saba vya namna hiyo utaona imeshika, na unaweza kuongeza kwa wingi zaidi. Kuendelea kupiga kwa nguvu ndani ya bakuli lilelile ni kujichosha bure.

Kama ilikatika baada ya kutia matango na kepa, usiitupe. Pitisha kwenye chujio lenye matundu makubwa, bonyeza kwa mgongo wa kijiko, weka vilivyobaki juu ya chujio pembeni, irekebishe mayonezi peke yake, kisha virudishe.

"Blenda imezunguka na hakuna kilichoshika"

Kwenye blenda ya jagi kiini kimoja hukaa chini ya visu, kikarushwa ukutani na kubaki huko. Kwa jagi la kawaida tumia yai zima 1 pamoja na kiini 1, haradali na siki ikiwa mara moja na nusu, na mafuta mililita 300. Ute wa yai unaongeza maji, kwa hiyo sosi itakuwa laini kuliko ya kiini peke yake, jambo la kukumbuka utakapofika kwenye matango.

Blenda ya mkono ndiyo iliyo rahisi kupita zote, ila ina masharti. Chombo kiwe kirefu na chembamba, kichwa cha blenda kikiingia kwa kubana kidogo. Tia yai, haradali, siki na chumvi, kisha mafuta yote juu, ngoja dakika moja yai litulie chini. Ingiza blenda mpaka iguse kitako na kufunika kiini, iwashe, na usiinyanyue kwa sekunde 10 hadi 15. Weupe utaanza kupanda kutoka chini. Hapo ndipo unanyanyua taratibu. Chombo kikiwa kipana, au blenda ikinyanyuliwa mapema, mafuta yanaingia yote kwa mkupuo na umerudi kwenye sehemu iliyopita.

"Jana ilikuwa nzuri, leo nimeitoa kwenye friji imeachana"

Soma chupa ya mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia yanayouzwa kwa bei nafuu Afrika Mashariki ni ya mawese yaliyosafishwa. Yanapendwa kwa kukaangia, na yanafaa. Lakini yakifika kwenye nyuzijoto 10 hivi huanza kuwa na ukungu na kuganda, na friji nzuri iko nyuzijoto 4. Mafuta yanapoganda ndani ya mayonezi huunda fuwele zenye ncha zinazotoboa ule utando wa maji. Ukiitoa na kuiacha ipate joto, mafuta yanayeyuka na kukimbiliana. Mayonezi ya mawese inaweza kuliwa siku hiyohiyo bila kupitia kwenye baridi kali. Ya kuweka haifai. Mafuta ya nazi yana hali mbaya zaidi, maana huganda hata bila friji asubuhi ya baridi.

Tumia alizeti au soya iliyosafishwa. Alizeti inayokamuliwa kwa mashine ndogo kule Singida na Dodoma, ile yenye rangi nzito na harufu ya mbegu, ni tamu kwenye mboga ila inaifunika kepa na limau kabisa. Tafuta iliyosafishwa mpaka harufu imeisha. Kama una shaka na mafuta uliyonayo, tia vijiko viwili kwenye glasi na uweke ndani ya friji usiku mmoja. Yakiwa angavu asubuhi, yanafaa.

Sehemu ya barafu ya friji ni kaburi la mayonezi, mafuta yawe yoyote. Barafu na mafuta yaliyoganda hufanya kazi moja ya kutoboa, na matango nayo hutoka yakiwa sponji.

"Imetoa maji"

Hili ndilo lalamiko kuu la sosi ya tartari, na mayonezi haina hatia. Ulipochanganya, sosi ilisimama vizuri. Saa moja baadaye kuna dimbwi la rangi ya kijani kibichi pembeni, na katikati pameregea.

Kilichotokea ni hiki. Tango la siki, kitunguu na majani ni vyombo vya maji. Ukivikata, unafungua maelfu ya seli, kisha unaviweka katikati ya mayonezi yenye chumvi. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya vipande, polepole, kwa saa kadhaa. Mayonezi yako ina maji yasiyofika gramu 30. Gramu 20 zikiongezeka bila mwaliko, ule msongamano wa matone unalegea na sosi inaanza kutiririka.

Matango ndiyo ya kwanza kushughulikiwa. Pasua kila moja kwa urefu. Likiwa kubwa lenye mbegu, kwangua mbegu kwa ncha ya kijiko uzitupe, kwa sababu pale katikati ni maji matupu. Kata vipande vya milimita 2 hadi 3 kwa kisu. Usivisage. Blenda huvunja kila seli na kukupa uji, na uji haukamuliki vizuri. Weka vipande kwenye kitambaa safi cha pamba, sokota ncha, kamua mpaka mkono uone tabu. Kutoka kwenye gramu 100 usishangae kupata kijiko kimoja hadi viwili vya maji. Yaweke kwenye kikombe. Hayo ni siki yenye ladha ya viungo vya matango, na huenda ukayahitaji mwishoni kulegeza sosi iliyo nzito, kwa matone na kwa hiari yako.

Kitunguu kinafuata njia ya kachumbari. Kikate vipande vidogo kabisa, kinyunyizie chumvi kidogo, kisugue kwa vidole, kiache dakika 10, suuza kwa maji ya baridi na ukamue kwa kitambaa. Umeondoa maji na ukali kwa pamoja.

Majani ndiyo yanayosahaulika. Paseli iliyooshwa na kukung'utwa mara mbili hewani bado ina maji ya kutosha kuharibu kazi yote. Ioshe saa moja kabla, itandaze juu ya taulo ikauke, ndipo uikate kwa kisu kikali. Wapishi wa Kifaransa huenda mbali zaidi: paseli ikishakatwa huiweka kwenye kitambaa na kuikamua mpaka maji ya kijani yatoke, na inayobaki inamwagika kutoka vidoleni chembe kwa chembe, kama unga mkavu. Inafaa kuiga. Maji yale ya kijani ndiyo yanayotia sosi rangi chafu.

Kepa za kwenye maji ya chumvi zisuuzwe na kukaushwa. Za kwenye chumvi kavu ziloweke dakika 15, ubadilishe maji mara moja, kisha zikamue.

Jambo la mwisho: piga mayonezi iwe nzito kuliko unavyotaka sosi ya mwisho iwe. Hata ukikamua vipi, vipande vitatoa maji kidogo. Sosi ambayo dakika ile ya kuchanganya inaonekana nzito kupita kiasi, baada ya nusu saa kwenye friji itakuwa sawasawa.

Ikiwa imeshatoa maji, usipige kwa mwiko wa waya. Inamisha bakuli, chota maji kwa kijiko au yafyonze kwa karatasi ya jikoni. Kisha ongeza kijiko kimoja au viwili vya mayonezi nzito na uchanganye taratibu. Unga wa mahindi au wa ngano haufai hapa. Bila kupikwa hauwi mzito, unaacha tu vumbi ulimini.

Wanaobadilisha nusu ya mayonezi kwa mtindi ili kupunguza mafuta wachuje mtindi huo kwenye kitambaa ndani ya friji kwa saa nne au zaidi. Usipochujwa, unatia maji kwa makusudi.

"Ni chungu"

Uchungu una milango mitatu. Mafuta ya zeituni ya daraja la juu kabisa yakipigwa kwa blenda huwa machungu, kwa kuwa visu vinasambaza vile vitu vichungu vilivyokuwa ndani ya mafuta mpaka ulimi unavihisi vyote. Kwa mkono hali ni afadhali, lakini kwenye tartari ladha ya zeituni haihitajiki. Ukiipenda, tumia mafuta yasiyo na harufu kwa robo tatu ya kwanza, na ya zeituni uyakoroge kwa mkono mwishoni.

Mlango wa pili ni ndimu. Ndimu zetu ndogo ni kali na zina harufu nzuri, ila ukikwangua ganda ukafika kwenye weupe, au ukakamua mpaka ganda likapasuka, uchungu unaingia. Kamua kwa mkono kiasi, chuja mbegu. Anayetumia ndimu badala ya limau aanze na nusu ya kipimo.

Wa tatu ni mafuta yaliyochacha. Yanuse kabla ya kuanza. Yakiwa na harufu ya rangi ya kupaka ukuta au karanga za zamani, hakuna limau litakaloyaokoa, na kwenye sosi ambayo zaidi ya nusu yake ni mafuta huna pa kuyaficha.

"Ni nzito mdomoni na haina ladha" au "ni tamu kama ya dukani"

Sosi yenye mafuta mengi hivyo inahitaji tindikali na chumvi kuliko unavyodhani, na baridi huzifisha zote mbili. Onja baada ya kupoa, si kabla, na uonje na kipande cha samaki. Sosi inayoonekana kali ukiilamba kwenye kijiko mara nyingi ndiyo iliyo sawa juu ya samaki wa kukaanga. Ikipwaya, tia maji ya limau kijiko 1 cha chai, ngoja, onja tena. Kama limau limeshatosha na bado kuna upungufu, tatizo ni chumvi, na kepa mbili tatu zilizopondwa huitia vizuri kuliko chumvi ya kijiko.

Utamu hutoka sehemu mbili: mayonezi ya chupa, ambayo nyingi sokoni zina sukari na wanga wa kuzitia uzito, na matango ya siki ya mtindo wa Kimarekani yaliyotiwa sukari. Soma orodha ya viambato. Sukari ikitajwa kabla ya yai, hiyo ni krimu ya saladi yenye jina kubwa. Ukiwa huna nyingine, kwa kila gramu 200 ongeza kijiko 1 cha chai cha haradali kali, kijiko 1 cha chai cha siki, pilipili manga, na uzidishe kepa. Haitakuwa sawa na ya kupiga mwenyewe, lakini italiwa.

Ikizidi uchachu, usitie sukari. Ongeza mayonezi tupu isiyotiwa kitu. Ikizidi chumvi, dawa ni hiyohiyo, au kiini cha yai la kuchemsha kilichopitishwa kwenye chujio.

"Asubuhi imekuwa ya kahawia na kitunguu kinanuka"

Tindikali huibadilisha rangi ya kijani ya majani kuwa ya zeituni iliyofifia ndani ya siku moja. Hakuna namna ya kuzuia. Kitunguu nacho huzidi ukali kadiri kinavyokaa. Mwenye kupikia wageni wa kesho apige mayonezi leo, atie matango na kepa, aifunike, na kesho saa moja au mbili kabla ya kula atie paseli na kitunguu. Muda huo kwenye friji unatosha ladha kukutana.

Yai bichi

Wasiwasi wa bakteria wa salmonela ni halali. Tumia mayai mapya yasiyo na ufa, osha mikono baada ya kuvunja, na usipunguze siki: tindikali ndiyo inayowabana bakteria, na siki huwabana kuliko maji ya limau yenye ukali uleule. Sosi ya yai bichi iishe ndani ya siku mbili hadi tatu ikiwa kwenye friji. Mezani isizidi saa mbili, na pakiwa na joto la zaidi ya nyuzijoto 32, kama mchana wa Februari pwani, saa moja tu. Weka bakuli dogo juu ya barafu, urudie kujaza.

Kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, tumia viini vya mayai ya kuchemsha. Hii si njia ya mkato. Auguste Escoffier, mpishi wa Kifaransa aliyeandika mwongozo wake mwaka 1903, aliielekeza tartari hivyohivyo: viini vigumu vilivyopondwa, mafuta, siki, na kijani cha vitunguu vya majani. Chemsha mayai 3 kwa dakika 9 hadi 10, yasizidi hapo, kwa sababu kiini kikikauka na kuwa na duara la kijivu kinakataa kuwa laini. Pitisha viini kwenye chujio jembamba, viponde na haradali kijiko 1 cha chai na siki kijiko 1 cha chakula, kisha mimina mafuta mililita 150 taratibu. Hushika kwa udhaifu kuliko kiini kibichi, kwa hiyo kijiko cha maji ya uvuguvugu kiwe karibu. Ute wa mayai ukatwe vipande vidogo na kuchanganywa.

"Kepa sijazipata"

Zeituni za kijani za kwenye chumvi, zikikatwa ndogo na kusuuzwa, hukaribia zaidi. Achari ya mbirimbi isiyo na pilipili inaweza kushika nafasi ya matango ya siki, kwa kuwa uchachu wake unaendana na samaki, lakini mbirimbi ni maji kuliko tango, hivyo ikamue mara mbili. Kotimiri badala ya paseli inaigeuza sosi iwe kitu kingine. Kitu kitamu pengine, ila mgeni uliyemwahidi tartari atauliza.

"Sosi iko sawa, samaki ndiye amelowa"

Usiipake juu. Ukoko wa moto unatoa mvuke, sosi ya baridi inauzuia kutoka, na mvuke unageuka maji chini ya sosi. Juu yake mayonezi nayo inapata joto na kuachia mafuta. Sosi ikae kwenye kibakuli pembeni, mlaji achovye. Samaki akaangwe kwenye mafuta ya nyuzijoto 175 hadi 180, akitoka awekwe juu ya waya, si kurundikwa juu ya karatasi ambako upande wa chini unajichemsha wenyewe. Vipande vya sangara na kolekole vikaushwe kwa kitambaa kabla ya kutiwa unga. Ngisi hutoa maji kuliko wote: mkaushe, mpake unga dakika ya mwisho kabisa, mkaange dakika moja na nusu hadi mbili. Sosi itoke kwenye friji wakati samaki anaingia kwenye karai.